Kigari Changu, Mapipa ya Mikumi na Jicho la Mama Mkwe

Jumapili, 29 Juni 1969. Kilosa.

Ibada ilikuwa ndefu. Nje ya kanisa nikakutana na Makarius, bwana shamba, ambaye ni Mkatoliki na hakuwa na sababu ya kupita pale. Alikuja kunikumbusha kwamba mwezi wa nne Volkswagen yake iliishinda Mini yangu kwa sekunde nne. Aliyasema hayo mbele ya wanakwaya. Nikamjibu kwamba siku ya Sabasaba, kule Mikumi, ataona vumbi langu. Akasema vumbi la kigari kile halizidi la kuku.

Nimerudi nyumbani na uamuzi. Zimebaki siku nane.

Kwa kumbukumbu: mimi ni fundi cherehani. Gari niliachiwa na karani mkuu wa shamba la mkonge alipohama nchi, kwa kuwa nilimshonea suruali miaka tisa na nilikuwa najua siri ya kiuno chake. Ni kigari kidogo, magurudumu yake kama sahani, na kinavutwa na magurudumu ya mbele. Wengi hapa Kilosa hawaamini jambo hilo mpaka wainame kuangalia.

Yunis, mke wangu, amenikumbusha kuhusu mama yake. Mama mkwe, Lea, yuko Ulaya, kijiji cha wilaya yetu, si ile ya Wazungu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa macho anakuja hospitali ya Kilosa Jumanne, tarehe nane Julai, na hatarudi mpaka mwakani. Nimeahidi kumleta. Ulaya iko njiani ninaporudi kutoka Mikumi, kwa hiyo jambo hilo limejipanga lenyewe.

Jumatatu, 30 Juni.

Nimetoa kiti cha nyuma. Nimetoa kiti cha abiria, bampa zote mbili, tairi la akiba, jeki na kioo cha kutazamia nyuma. Gari limekuwa jepesi, hata ukifunga mlango unalia tofauti.

Yunis ameuliza mama yake atakaa wapi. Nimemwambia ni suala la siku moja. Akasema hakuuliza siku, ameuliza kiti.

Mchana nilikwenda kuiangalia Volkswagen ya Makarius alipokuwa kazini. Injini iko nyuma. Uzito wote uko nyuma, na nyuma ndiko inakosukumwa. Hiyo ndiyo siri yake. Nimerudi na kuweka magunia mawili ya mchanga pale kilipokuwa kiti cha nyuma.

Fundi Lukasi, ambaye ananisaidia kwa urafiki, ameyatazama magunia kwa muda mrefu. Amesema Volkswagen husukumwa kutoka nyuma, yangu huvutwa kutoka mbele, na nikiweka mzigo nyuma ninainyanyua pua, magurudumu yanayovuta yanakosa ardhi ya kushika. Ameuliza pia kwa nini nimetoa kilo thelathini za viti ili niweke kilo mia moja za mchanga. Nimemweleza kwamba kilo za viti zilikuwa za starehe, na hizi ni za kazi. Hakuendelea kubishana. Nadhani alielewa.

Jumatano, 2 Julai.

Kikwazo. Chama chetu cha wenye magari madogo hakiwezi kukutana siku ya Sabasaba bila kibali cha tawi la chama tawala. Nilitumwa mimi kwa kuwa naandika vizuri. Mwenyekiti wa akina mama wa tawi, Bi Mwanasha, ndiye aliyekuwa ofisini. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa mpunga wa huku bondeni, mtu asiyecheka kwa haraka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza mbio za magari zinamsaidia nini mkulima.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia hizi si mbio. Ni mafunzo ya udereva kwa wananchi, katika kujenga taifa na kujitegemea. Nilizungumza karibu dakika kumi na nilijiona nimezungumza vizuri sana.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akagonga muhuri. Kisha akasema:

“Basi nimefurahi, mwanangu Hezekia. Miaka mingi natafuta mtu wa kunifundisha. Tutaanza kesho baada ya sala ya alasiri.”

Alhamisi, 3 Julai.

Nimemfundisha Bi Mwanasha udereva katika barabara ya zamani ya shamba la mkonge. Yeye kwenye kiti, mimi juu ya kigoda kilichofungwa kwa kamba. Saa nzima ya mazoezi yangu imepotea.

Anaendesha kama mtu anayebeba mtungi kichwani. Kabla ya kona anapunguza mwendo mapema mno. Akishaingia konani hagusi breki hata kidogo, anakanyaga mafuta polepole tu, na gari linajivuta lenyewe mpaka nje. Nilimwambia dereva wa mashindano anaingia konani kwa kasi na kufunga breki katikati. Aliuliza kama hapo katikati usukani bado utanisikia. Nikasema usukani ni wangu, utanisikia.

Jambo jingine alilosema: analiona gari zito nyuma, pua inaelea. Nimeona si lazima kumweleza mambo ya ufundi.

Ijumaa, 4 Julai.

Nimelishusha gari. Gari lililo chini halipinduki, hilo kila mtu anajua. Lukasi amekata vile vyuma vinavyoinua bodi juu ya magurudumu, baada ya kukataa mara mbili. Amenionya kwamba sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, sasa iko vidole vitatu tu kutoka ardhini, na kwamba barabara ya Ulaya ina mawe. Nimemwambia njia ya mashindano ni kiwanja cha ndege, haina mawe. Akauliza kiwanja hicho nitafikaje. Lukasi ni fundi mzuri lakini anapenda kutazama upande mbaya wa kila jambo.

Nimetoa pia bomba la kupunguza sauti. Kuku wa jirani hawakutaga leo. Haijathibitishwa kwamba mimi ndiye sababu.

Jumapili, 6 Julai. Mikumi.

Tumeondoka Kilosa asubuhi: mimi kwenye usukani, Bi Mwanasha kwenye kigoda, Yunis nyuma juu ya mchanga. Kama Yunis alisema neno mpaka Ulaya, sikumsikia. Nimekwenda kwa mwendo wa baiskeli nikikwepa kila jiwe. Waenda sokoni wenye baiskeli halisi walitupita.

Tumemwacha Yunis kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, ametazama upande wa ngurumo. Nilimwamkia kwa mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe. Aliuliza kama nimekuja na trekta.

Pembeni Yunis aliniambia jambo moja, bila kupandisha sauti. Mama yake hajaiona sura ya mjukuu wa mwisho, mtoto wetu mdogo, humtambua kwa kumpapasa. Kesho nisichelewe. Nikasema sitachelewa. Nilikuwa nasema kweli.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Naandika nikiwa nimekaa kando ya barabara. Nitaeleza kwa utaratibu.

Kiwanja ni cha ndege ndogo, hakitumiki siku hizi, nje kidogo ya Mikumi. Mapipa matupu yamepangwa, unazunguka mara tatu, gari moja moja. Kila pipa unaloligusa unaongezewa sekunde tano. Mwenye saa alikuwa Mwalimu Marselina na saa ya michezo ya shule yake. Madereva sita, pamoja na Bi Mwanasha, aliyeandikishwa kama mwanafunzi, ili kibali kisionekane cha uongo.

Makarius alitumia dakika mbili na sekunde arobaini na moja. Aligusa pipa moja.

Nikaingia mimi. Kuondoka kulikuwa kugumu, magurudumu ya mbele yalizunguka pale pale yakichimba kifusi. Kona ya kwanza niliingia kwa kasi kubwa kuliko mtu yeyote siku ile, hilo Mwalimu Marselina mwenyewe amelikubali. Nilikata usukani kushoto. Gari liliendelea mbele. Nilifunga breki. Likaendelea mbele zaidi. Mapipa mawili.

Mzunguko wa pili nilitumia mbinu niliyokuwa nimeiweka akiba: kuvuta breki ya mkono ili mkia ugeuke. Mkia uligeuka. Uligeuka pamoja na kilo mia moja za mchanga na haukuona sababu ya kusimama. Niliposimama nilikuwa natazamana na watazamaji, na mapipa matatu yalikuwa yanabingirika nyuma yangu. Niliwapungia mkono ili ionekane ni mpango. Mzunguko wa tatu niliongeza mawili.

Jumla: dakika mbili na sekunde hamsini na nane, mapipa saba. Pamoja na adhabu, dakika tatu na sekunde thelathini na tatu. Wa sita.

Ikaja zamu ya Bi Mwanasha, katika gari langu. Kabla ya kupanda alisema zahanati ya Mikumi inajengwa na haina mchanga wa sakafu. Vijana wawili wakayatoa magunia mara moja. Watu walipiga makofi, nami nikalazimika kupiga pia.

Alifunga kanga yake vizuri, akasema bismillahi, akaenda. Hakukimbia. Alipunguza kabla ya kila kona, akakanyaga mafuta taratibu, na pua ya gari ikafuata mkono wake kama mbuzi anayejua nyumbani. Mizunguko mitatu. Dakika tatu na sekunde tisa. Hakugusa pipa hata moja. Wa tatu kati ya sita.

Makarius, mshindi, alimwomba Bi Mwanasha arudi Kilosa katika Volkswagen yake, yenye viti. Alikubali. Alinishukuru kwa kumfundisha. Nilisema si kitu.

Saa nane nilikuwa Ulaya, kwa wakati, kama nilivyoahidi. Nyuma nilipanga marobota ya vitambaa ili mama mkwe akae, maana kukaa bega kwa bega na mkwe si adabu. Yunis akakaa kwenye kigoda. Halafu ukaja mkungu wa ndizi, debe la mahindi, majogoo wawili na kinu. Nilisema kinu ni kizito. Mama mkwe alisema hawezi kwenda kwa binti yake mikono mitupu. Gari lilishuka mpaka likawa kama limeketi.

Maili mbili kutoka pale kuna jiwe. Si kubwa. Nililiona. Nilihesabu kwamba litapita katikati ya magurudumu, na lilipita katikati ya magurudumu, chini ya sampu hasa. Oili yote ilimwagika barabarani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika mstari huu.

Mama mkwe aliuliza kwa upole kama tumefika hospitali.

Nikasema bado, Mama.

Yunis alishuka. Alisimama katikati ya barabara, mkono juu ya macho, akitazama tulikotoka. Nilikaa karibu na gurudumu. Nilifikiria ule mwaka mzima mpaka daktari arudi, na mama huyu akimpapasa mjukuu uso. Sikupenda nilivyojiona. Nimeliandika hili kwa sababu ni kweli.

Baada ya nusu saa hivi likaonekana vumbi. Volkswagen. Nilimwomba Mungu isiwe yeye, na papo hapo nikamwomba iwe yeye.

Makarius alitazama oili, akatazama gari, akanitazama mimi. Alikuwa na maneno, niliyaona mdomoni. Kisha akamwona mama mkwe ndani, juu ya marobota, na jogoo mapajani. Akayameza. Alimwamkia shikamoo, akamshika mkono na kumpandisha mbele. Kinu alikibeba mwenyewe. Bi Mwanasha na Yunis wakakaa nyuma. Hapakuwa na nafasi yangu, na hakuna aliyeitafuta.

Makarius alichungulia dirishani na kusema: “Hezekia, daktari anaanza saa mbili. Atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Usiwe na shaka.”

Ni ushindi wake wa pili leo, na huu siwezi kuubishia.

Jumatano, 9 Julai. Kilosa.

Trekta la ushirika la pamba limenivuta mpaka kwa Lukasi. Lukasi hakusema “nilikuambia”. Aliandika tu ukutani kwa chaki: vidole vitatu.

Mama mkwe alipasuliwa jana, jicho la kulia. Amefungwa kitambaa.

Jumapili, 13 Julai.

Leo kitambaa kimefunguliwa. Mtoto wetu aliletwa mbele yake. Mama mkwe alimtazama, kisha akasema ana masikio ya marehemu babu yake, na Yunis akatoka nje kulia. Mimi pia nilitoka nje, kuangalia gari.

Nimempelekea Makarius shati jipya, kola nzuri, mshono wa mara mbili. Alilipokea. Akauliza kama na shati nimelishusha. Tumecheka wote wawili, yeye zaidi.

Jumamosi, 19 Julai.

Gari limepona. Bi Mwanasha amekwisha kulitangaza tawini, na wanawake wanane wameandikisha majina kujifunza udereva. Wa kwanza kwenye orodha ni Yunis. Amerudisha viti kwa mikono yake mwenyewe, na kuifungia bisibisi yangu kabatini.

Leo lilikuwa somo lake la kwanza. Nilimweleza kwamba jambo la msingi kabisa katika udereva ni kutomsikiliza mtu aliyekaa kando. Akasema ameelewa, akaniomba nihamie kando.

Nimehamia. Upande ule mtu hupata nafasi ya kutazama mambo kwa utulivu, na nimegundua kwamba milango ya gari hili ni mizito bila sababu yoyote.