Natafuta Nyumba Mtaa wa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amepata nyumba. Amepata yeye, si mimi, na hilo ndilo tatizo la kwanza. Iko dakika tano kutoka zahanati anakofanya kazi ya uuguzi. Haina ngazi hata moja. Ina chumba kinachofungukia uani, cha mama mkwe.

Mama mkwe tunaye hapa ghorofa ya tatu. Magoti yamemgomea. Miezi miwili sasa hajashuka. Anakaa dirishani, anahesabu vichwa vya wapita njia. Jana kaniambia, mwanangu, mimi sitaki makubwa, nataka kukanyaga udongo tu. Nampenda mama huyu. Hunitetea kila ninapokosea, yaani kila siku.

Mwenye nyumba ni mama mmoja, mwalimu mstaafu. Ametupa mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, twende wote wawili tutie sahihi. Baada ya hapo, milango wazi kwa wanunuzi wengine. Mke wangu kasema nisichelewe. Nimemjibu nimesikia. Kusikia si kukubali.

Maana mimi nautaka Mtaa wa Juu! Mwalimu mwenzangu wa shule ya udereva, tunayemwita Mzee wa Tai, anaishi huko. Kila siku na tai yake shingoni. Anasema huko hata mbwa hawabweki ovyo. Miaka minne tunakaa meza moja, miaka minne namsikiliza yeye tu. Basi! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka cha juu? Apande.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeanza. Masomo yote ya wiki hii nayapeleka Mtaa wa Juu, nikague nyumba kwa petroli ya shule. Mwanafunzi wangu wa leo ni Mwokaji, mama wa makamo mwenye duka la mikate. Anaogopa kukanyaga mafuta. Ukimwambia kanyaga, anaomba dua kwanza. Mwendo wake ni wa msafara wa mazishi. Kwa kazi ya ukaguzi, hakuna kama yeye.

Barabara pana. Kimya. Miti imepunguzwa kana kwamba kwa rula. Sijaona mtu isipokuwa walinzi, na watatu wameniuliza kama nimepotea. Kosa ni la lile bango la MWANAFUNZI juu ya gari. Nimelifunika kwa koti langu. Koti likapeperuka. Mlinzi wa nne akaniletea koti, akaniuliza kama nimepotea.

Nyumba moja ina kibao cha kuuzwa. Nimempigia dalali. Kataja bei, nami nikadhani ananipa namba ya simu nyingine. Nikacheka. Yeye hakucheka. Lakini, kasema, ipo ndogo, mtaa uleule, ya watu wa uwezo wangu. Kuiona ni Ijumaa saa nne tu.

Ijumaa saa nne! Wakati uleule! Nimempigia mwalimu mstaafu kwa siri. Nimebana pua nisikike mgonjwa, nikamwomba asogeze mpaka Jumatatu. Kanipa pole ya mafua, kasema atafikiri. Mama mpole sana. Mambo yananyooka.

Alhamisi, 6 Machi

Sitaki kuandika. Haya, naandika.

Nilimwambia Mwokaji arudi nyuma polepole nipate kuona vizuri nyumba moja ya ghorofa. Leo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Tukaingia kinyumenyume kwenye uzio wa waridi. Maua mpaka kiti cha nyuma. Mwokaji akafumbua macho, akauliza kama amefaulu.

Geti likafunguka. Akatoka mtu na mpira wa maji mkononi, kaptula, kandambili. Lo! Mzee wa Tai! Bila tai!

Tukatazamana. Maji yakawa yanamwagikia miguu yake, wala habari hana. Kumbe anaishi chumba cha uani, nyuma ya nyumba kubwa. Anamwagilia bustani, ndiyo kodi yake. Kanisihi nisimwambie mtu kazini. Nimemwambia mimi ni kaburi. Katukaribisha chai. Chumba kisafi, kitanda kimetandikwa, tai tisa kwenye msumari mmoja. Moyo uliniuma, nisiseme uongo. Anasema mwaka jana aliugua wiki nzima, na aliyebisha hodi ni mlinzi wa nyumba ya pili peke yake. Nilipomweleza mambo yangu, kanishauri niichukue nyumba ya mke wangu, tena haraka.

Nimemwelewa mara moja. Hataki nimzidi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba mwalimu kaahirisha mpaka Jumatatu. Kanitazama, kasema haya. "Haya" ya mke wangu ina kina chake, lakini sikuwa na muda wa kuipima.

Saa nne niko getini na dalali. Nyumba ndogo, nyeupe, nzuri. Iko juu. Kutoka getini mpaka mlangoni ni ngazi tupu. Nikapanda huku nahesabu. Kumi. Kumi na tano. Dalali anasifia mandhari. Ya ishirini na sita nikakaa chini. Nilimwona mama mkwe. Nilimwona kwenye dirisha jingine, zuri kuliko letu, akitafuta vichwa vya kuhesabu na havipo. Niliona aibu. Nilijichukia kabisa. Dalali alipogeuka kuniuliza kama nimeipenda, nilikuwa nimeshashuka.

Nikampigia mwalimu. Kasema amefundisha miaka thelathini na mitano na anaijua sauti ya mtoro aliyebana pua. Alimpigia mke wangu Jumanne ileile! Wako wote hapo tangu saa nne. Wanunuzi wengine wawili wamekaa ukutani wanangoja. Ikifika saa tano na nusu bila sahihi yangu, wanaingia wao.

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Gari ni lile la shule, na kwenye usukani Mwokaji, maana kilikuwa kipindi chake. Nikamwomba anipishe. Akagoma, eti kalipia saa nzima. Nikamwambia basi kanyaga. Akaomba dua. Kila makutano akasimama, akatazama kushoto, kulia, tena kushoto. Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe! Bibi mmoja mwenye kapu alitupita kwa miguu, akatupungia mkono.

Saa tano na dakika ishirini na saba, tukafika. Mama mkwe yuko uani, kakaa kwenye kiti, viatu pembeni, nyayo kwenye udongo. Mke wangu na jirani yetu walimteremsha ghorofa zote tatu. Analia huku anacheka. Mke wangu akanipa kalamu. Mwalimu akanionyesha mstari kwa kidole. Nikatia sahihi, halafu nikaomba radhi mbele ya wote. Mama mkwe akasema mwacheni mwanangu, kachelewa lakini kaja. Mke wangu akasema tutaongea nyumbani.

Tumeongea. Kurasa hazitoshi.

Jumapili, 30 Machi

Tumehamia. Mama mkwe anatembea mpaka barabarani na kurudi, mkongojo mkononi. Anawajua majirani saba kwa majina na ameshagombana na mmoja. Mzee wa Tai alikuja jana, akakaa mpaka jioni, na mama mkwe kamwambia asipotee. Nina furaha. Naiandika hivyohivyo: nina furaha. Mtaa si kuta, mtaa ni watu. Somo nimelipata, na Mtaa wa Juu nimeufuta moyoni.

Kinachopungua hapa ni hadhi kidogo tu.

Kwa hiyo leo mchana nimeazima shuleni koni sita za barabarani na ufito mrefu, nimefunga mwanzo wa mtaa wetu. Kuingia ni kwa wakazi tu. Jirani wa kwanza alicheka, akaruka ufito. Wa pili alizunguka. Wa tatu alikuwa mke wangu, anatoka zamu, miguu inamuuma, mfuko wa viazi mkononi.

Nimemwomba kitambulisho.

Naandika haya nikiwa nje, nimekalia tofali. Mlango umefungwa kwa ndani. Mama mkwe amenipitishia chai dirishani na kunisihi niombe radhi mapema. Mama mwema sana, ila mambo ya hadhi hayajui. Kesho naongeza koni nne.