Matone Mawili ya Mrashi

Jumatatu, 1 Agosti 1988
Msonyo. Mrefu, wa taratibu, kama kitambaa kinachopasuliwa. Bwana Gershom, mkuu wa baa hapa hoteli ya Shelly Beach, alionja kokteli yangu, akasonya, akaimwaga. Bado nausikia. Kosa ni yale maji machungu ya viungo, makali kwa pombe. Hutiwa matone mawili. Niliinamisha chupa, yakaingia kumi. Nduku, anayejifunza kazi pamoja nami, alitia mawili huku akipiga soga. Jumamosi mmoja wetu atapewa kaunta. Wa pili ataosha glasi. Nyumbani wajua niko mapokezi, si baa.

Jumanne, 2 Agosti
Nimewaza usiku kucha. Nani Likoni nzima hutoa tone kwa tone asikosee? Bibi! Mlangoni, arusini, akiwanyunyizia wageni marashi kwa mrashi wake wa fedha. Nimeuchukua kabatini, nikamwaga marashi, nikajaza machungu. Tikiso moja, matone mawili. Bwana Gershom ameonja, akameza. Kwake hiyo ni sifa. Nduku kauliza kama nawabariki wateja.

Alhamisi, 4 Agosti
Bibi autafuta mrashi. Kesho arusi ya binamu yangu Barke. Nimeurudisha mbio, nikausugua mpaka nikajiona uso. Nje.

Ijumaa, 5 Agosti
Ndani, wallahi, sikukumbuka kumwaga yale machungu. Bibi aliwapokea wakwe, akawanyunyizia. Bi Kafedha, mamake bwana arusi, alijitanda mtandio mweupe. Madoa ya kahawia, bega zima. Akanusa. Akanusa tena. Akauliza marashi haya ni ya duka gani, mbona yanuka karafuu na hospitali. Bibi akaunusa mrashi, akanitazama.
“Ni ya mjukuu wangu Tumu,” alisema. “Ndiyo mapokezi yao huko hotelini.”
Kisha akasonya. Msonyo uleule. Nimemwagia mkwe pombe kwa mkono wa bibi yangu.

Jumamosi, 6 Agosti
Bibi hakumwambia baba. Aliniapisha tu nisiuguse tena mrashi wake. Nimeapa kwa moyo safi. Kazini, bila mrashi: matone saba. Kaunta kapewa Nduku. Bwana Gershom amesema nikimwonyesha jambo asiloliweza Nduku, atafikiri upya.

Jumapili, 7 Agosti
Niliapa mrashi. Chetezo cha Bibi cha kufukizia hakikutajwa. Moshi wa udi kwenye glasi iliyofunikwa, kisha maji ya nanasi: hakuna tone la kukosea. Bibi atakitaka Jumatano, kumfukizia Barke. Kiko chini ya kaunta tangu asubuhi, na makaa yameshika.