Chokoleti ya Tui Siku ya Hina ya Rehema

Kabla hamjaipata kwa wifi yangu Tatu, ambaye ataitia chumvi, ipateni kwangu mwenyewe. Leo nimejivunjia heshima mbele ya wakwe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa dera jipya.

Kwa msionijua: mwaka jana sukari ilinipanda, nikalala hospitali siku tatu sijitambui. Watu walishakata tamaa. Nilipozinduka nikakuta masufuria yangu makubwa yako kwa Tatu. Eti ameyahifadhi. Sawa. Nikapona. Lakini tangu hapo nikienda kwenye shughuli napewa kiti, kazi sipewi. Nikigusa mwiko, unapokonywa. "Kaa, wifi, pumzika." Nimepumzika mpaka nyonga zinauma.

Sasa Rehema, mtoto wa kaka yangu na huyo Tatu, anaolewa kesho. Leo ilikuwa hina. Wiki nzima nimebembeleza: mimi ndiye shangazi, nipeni hata vikombe nioshe. Juzi Tatu akachoka na mimi.

"Haya wifi, tengeneza kinywaji cha wageni wa upande wa bwana harusi. Usiniangushe."

Hapo anaingia mshitakiwa wa kwanza, Zuhura, binti yangu aliyeko Dar. Nilimpigia kuomba ushauri, akanitumia video ya dada mmoja anatengeneza chokoleti ya kunywa, ya baridi. Haina maziwa, haina sukari, haina chochote cha mnyama. "Mama, hii ni afya, hata wewe nusu glasi unaruhusiwa." Nikaangalia: kakao ya unga, tende, ndizi, tui la nazi. (Ndizi zenyewe kisukari. Najua. Msianze.) Unasaga, unagandisha, siku ya siku unavunjavunja barafu yake na kuisaga tena na tui jepesi.

Nikasaga juzi hiyo hiyo. Ukatoka uji mzito wa kahawia, mtamu, nikaramba mpaka mwiko. Nikaumimina kwenye mifuko ya barafu, ikajaa mitano. Friza mimi sina. Mtaa wetu wote friza ni ya Tatu, anauza barafu za ubuyu. Na huyu ndiye mshitakiwa wa pili. Alichukua kidonge cha uzi mwekundu dirishani, akanikatia.

"Fungia huu, wifi, isije ikachanganyika na ubuyu wangu."

Nikafunga mifuko yangu, nikaenda kulala nikijiona mtu wa maana.

Asichoniambia Tatu ni kwamba usiku uleule alikuja Bi Chiku, fundi wa hina kutoka Kaole, na hina ya bi harusi. Ameshaikanda kwa ndimu, chai ya rangi na mafuta ya karafuu, anataka igandishwe isiharibike mpaka siku yake. Naye kaitia kwenye mifuko ya barafu. Naye mitano. Na Tatu akamkatia uzi. Kidonge kilekile.

Leo asubuhi Bi Chiku alinitangulia kwenye friza. Akachukua mitano ya kwanza aliyoiona yenye uzi mwekundu, akaingia chumbani kwa mwali. Mimi nikaja nyuma yake, nikakuta mitano yenye uzi mwekundu, nikamshukuru Mungu kwamba haijaguswa.

Nikavunjavunja. Nikatia kwenye blenda. Tui juu. Rangi ikatoka kahawia yenye ukijani, nikasema ni barafu. Nikaonja.

Chungu. Chungu ya kukunja uso. Nikampigia Zuhura.

"Mwanangu, mbona chungu?"

"Mama, kakao isiyo na sukari ndivyo ilivyo. Uchungu ndiyo afya yenyewe."

"Na inanukia karafuu."

"Kwako wewe nini hakinukii karafuu?"

Jamani, mnielewe. Mwaka mzima pale kliniki nimefundishwa kwamba kitu kikiupendeza mdomo wangu, nikiache. Hiki hakikuupendeza hata kidogo. Nikakiamini. Nikaongeza tende na ndizi nne, nikanywa nusu glasi yangu yote bila kupumua, nikahisi napona.

Wageni walikuwa sita, wakiongozwa na mama wa bwana harusi, Bi Asha, mwanamke mpole aliyevaa miwani ya dhahabu. Nikapita na sinia. Mnazijua adabu zetu: kwa mkwe mpya hurudishi glasi ikiwa na kitu. Bi Asha akanywa. Akafumba macho. Akayafumbua taratibu, kama mtu anayerudi kutoka mbali.

"Mashaallah," akasema. "Kizito."

"Kina afya," nikamwambia.

"Inaonekana," akajibu jirani yake.

Hakuna aliyeacha tone. (Nikawaongeza. Mungu anisamehe, niliwaongeza.) Tatu akapita, akaona glasi tupu, akaniegemea sikioni: "Wifi, umenitoa kimasomaso." Mwaka mzima nilikuwa naisubiri hiyo kauli. Ningekuwa na akili ningekufa palepale.

Badala yake nikaingia chumbani kumwona mwali. Udi umefukizwa mpaka mtu humwoni. Rehema amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mikono juu ya mto, maua yamepanda mpaka kwenye viwiko. Bi Chiku pembeni anajipepea, amechoka. Machozi yanamtoka yule mtoto kimya kimya.

"Analilia kwao," akasema mama mmoja, na vigelegele vikapigwa. Nami nikalia, shangazi mtu.

Nilipoinama kujifuta ndipo nikawaona sisimizi. Mstari umenyooka, unatoka chini ya mlango, unapita mkekani, unapanda kwenye kisigino cha bi harusi. Wengine walishafika kwenye goti. Wale waliokuwa wanarudi walionekana wameshiba.

"Rehema, mwanangu, una nini?"

Akamwangalia Bi Chiku kwa woga.

"Mwali hasemi mpaka hina ikauke," Bi Chiku akamkumbusha.

Rehema akasema bila kufungua meno: "Shangazi. Wananila."

Bi Chiku akasogea. Akagusa ua moja kwenye mguu kwa kidole, akalinusa, akaliweka ulimini.

"Nilisema mimi leo inateleza," akasema. "Nimepaka hina tangu sijaolewa. Haijawahi kuwa tamu."

Mlango ukafunguliwa. Bi Asha na wenzake wamekuja kumtazama mkwe wao. Bi Asha akatabasamu.

Meno ya rangi ya chungwa. Midomo ya chungwa. Juu ya mdomo, sharubu ya chungwa, imechorwa vizuri kuliko hata yale maua. Nyuma yake wengine watano, wote wanatabasamu kwa adabu, wote rangi moja. Nikageukia kioo cha kabati. Na mimi nimo.

Tatu akamtazama Bi Asha. Akaitazama miguu ya mwanawe. Akanitazama mimi.

"Wifi. Umewanywesha wakwe hina."

"Uzi ulikata wewe."

"Kiherehere alikuwa nacho nani?"

Nikapiga magoti, nikaanza kupangusa sisimizi.

Nesi wa zahanati akapigiwa simu, akauliza mara mbili kama amesikia vizuri, akasema tunywe maji mengi na atakayetapika apelekwe haraka. Hakuna aliyetapika. (Tumbo langu linanguruma mpaka sasa, ila limeshapita mitihani mikubwa zaidi.) Rehema akaoshwa, ikatoka yote, mikono imebaki kama ya mtu asiye na harusi. Kabla maji hayajamfikia aliramba kidole kimoja. "Shangazi, yako ni tamu," akasema. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata leo, na Tatu hakuisikia.

Ninapoandika, Bi Chiku anatwanga majani mabichi ya mhina aliyochuma uani kwa jirani, na kila akiinua mchi ananitazama. Wakwe wameondoka jua la saa saba, wamejifunika mitandio mpaka puani. Mlangoni Bi Asha alinishika mkono, akasema polepole: "Tumepokewa, dada. Mimi mwenyewe nilipoolewa sikupakwa hina ya ulimi."

Nimeshapangiwa nafasi yangu ya kesho. Ni kiti. Mstari wa mbele, karibu na feni, mbali na jiko, na Tatu amemweka mtu wa kunichunga nisinyanyuke.

Mtakaokuja, nisalimieni tu mpite. Mkiona nimefunga mdomo shughuli nzima, si kiburi. Ni meno.