Kitanda cha Mtumishi

Jumatano, 2 Novemba 2016

Nimefika Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, kwa tamasha. Kwenye mlima mwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, aliniomba nishuke niisukume. Nikasukuma. Ndivyo msanii anavyopokewa.

Wasanii tunalazwa kwenye nyumba za watu. Mimi nimeangukia kwa Maman Odette, mjane wa Bukavu kama mimi. Maana yangu ni Bukavu, siyo mjane. Chumba kimoja, wageni watatu. Mimi. Sinzinkayo, Mrundi mpiga ngoma, na ngoma yake iliyo nene kuliko yeye. Na Guelord wa Uvira, mchekeshaji, kijana mwenye meno mengi. Kitanda ni kimoja. Mkeka pia mmoja.

Jumamosi saa kumi, jukwaa kubwa, dakika kumi na tano zangu, kisha kumi na tano za Guelord. Régine wa maandalizi amesema atakayechekesha zaidi ataingia kwenye kundi litakalozunguka nchi nzima mwaka mzima. Miaka sita nabadilisha zipu za suruali kule soko la Tsoka nikingoja dakika hizo! Nina mchezo mmoja tu, lakini mtamu: mchungaji mlafi anayeombea kuku mpaka kuku anapoa. Guelord hana mchezo wowote. Nimemuuliza. Anaangalia watu tu.

Jioni Maman Odette akaona begi langu likiwa wazi. Koti jeusi, kola nyeupe, Biblia kubwa. Vifaa vya kazi. Akauliza kwa sauti ya chini kama mi ni mtumishi wa Mungu.

Sikusema ndiyo. Nilisema Bwana asifiwe. Ni vitu viwili tofauti.

Kwetu mtumishi halali chini. Nina kitanda, shuka la maua, neti isiyo na tundu. Sinzinkayo na Guelord wako mkekani na ngoma katikati yao. Nimewatakia amani.

Alhamisi, 3 Novemba

Mayai mawili asubuhi, yangu peke yangu. Wenzangu chai ya rangi. Guelord alitazama mayai, kisha akanitazama mimi, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilimuuliza ni nini. Akasema ni barua kwa mama yake.

Maman Odette hakukubali mtumishi asimame jukwaani na koti lenye mikunjo. Akalichukua kulipiga pasi, mkaa umejaa vizuri. Alikaa nalo muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa mzito, kama mtu aliyetokwa na machozi. Neema, nikajisemea.

Akanijulisha kwamba bamaman wa kikundi chake cha maombi, kwa furaha ya kupata mtumishi, wameamua kufunga pamoja nami. Kufunga kukavu. Hakuna chakula wala maji mchana kutwa, na jioni ni uji mwepesi tu, hadi Jumamosi baada ya jukwaa.

Nilisema Amina. Ningesema nini?

Ijumaa, 4 Novemba

Njaa. Jua la Novemba. Njaa.

Bamaman wanakuja mmoja mmoja. Nimeombea mguu wa Maman Annuarite, cherehani ya jirani inayoruka nyuzi (hiyo ningeitengeneza kwa dakika mbili, lakini mtumishi hagusi bisibisi) na mtihani wa batoto wanne. Sinzinkayo naye akataka ngoma yake ibarikiwe. Kumbe ngoma ina pande mbili, na kila upande unataka maombi yake.

Mara tatu nimetoroka kwenda kwa muuza mandazi. Mara tatu nimekuta mama wa kikundi amesimama pale pale, ananiuliza kama mtumishi amepotea njia. Bidii ya wanawake hawa katika kufunga inanishangaza. Hakuna hata mmoja aliyekonda. Midomo yao inang'aa.

Guelord alikula bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, mlangoni, akiniangalia, tonge baada ya tonge. Kila tonge, pole mtumishi.

Jumamosi, 5 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa kumi. Uwanja umejaa. Nikapanda nimevaa koti. Mstari wa mbele: bamaman thelathini wa kikundi, vitenge vya sare, Maman Odette katikati. Wananitazama mdomoni.

Kuku wangu alikuwa kwenye ulimi. Nikahesabu haraka. Nikicheza mchungaji mlafi, watajua. Nikijulikana, kitanda kimekwisha, na bado nina usiku mmoja wa kulala.

Nikaomba.

Dakika kumi na tano. Niliombea tamasha, Malawi, Kongo, barabara ya Dowa na madereva wake. Hakuna aliyecheka. Mbwa mmoja alisimama, akaondoka.

Kisha Guelord akapanda na mkeka. Akautandika, akalala, akawa mtumishi wa Mungu anayelinda kitanda chake dhidi ya ngoma. Alikuwa na daftari lote kichwani. Hata mayai! Watu walilia kwa kicheko. Maman Odette kilemba kilimdondoka. Régine akatangaza pale pale: mwaka mzima, nchi nzima, Guelord.

Nyumbani Maman Odette akaniketisha.

“Zénon mwanangu, ile koti mi njo nilipiga pasi. Mchungaji gani anashona tumbo ya sponji ndani ya koti yake?”

Nikalivua koti, nikalikunja.

“Nikaona huyu iko comédien. Nikaita bamaman bote bakuje kucheka. Tumekaa pale tunangoja, tunangoja, we unaombea madereva.”

Nikauliza kuhusu kufunga.

“Nani alifunga? Sisi tulikuwa tunakula kwa Annuarite.”

Kitanda amepewa Guelord. Msanii, kasema, anahitaji kupumzika.

Jumapili, 6 Novemba

Régine amenihurumia. Kesho kuna onyesho dogo sokoni Madisi. Nikichekesha huko, atanitafutia nafasi nyuma ya Guelord. Naandika haya nyuma ya pikapu iliyojaa abiria, mgongo wangu juu ya ngoma ya Sinzinkayo. Tutalala kwa familia moja ya Wamalawi. Chumba kimoja, nimeambiwa.

Usiku kucha mkekani nimepima kosa langu. Nimelipata. Kosa lilikuwa kuchagua mchungaji. Mchungaji anafungishwa, anaombeshwa, anawekwa mstari wa mbele. Daktari je? Daktari analala vizuri ili mikono isitetemeke. Hakuna anayemnyima daktari chakula.

Nimemnong'oneza dereva kupitia dirisha la nyuma, kwa kuwa yeye anawajua wenyeji, awaambie kwa heshima kwamba mmoja wetu ni daktari.

Dereva akasema zikomo kwambiri, asante sana, akaegesha gari kando ya barabara, akakunja suruali hadi juu ya goti. Goti limevimba kweli. Nyuma yake abiria wanashuka, wanapanga mstari. Guelord anatafuta kalamu.