Uso wa Injini ya Maame Dufie

Jumatatu, 4 Agosti
Wiki imeanza na heshima. Maame Dufie, muuza viazi vikuu, amewapita mafundi wote wa gereji za Suame, lori lake kaniletea mimi. Injini inachemka. Jumamosi lazima libebe jeneza la mama yake hadi kwao Mampong. Ndugu wanataka gari la kukodi lenye mapazia. Kakataa. Lori hili mama ndiye aliyelinunua, mama ataagwa nalo. Nikamwambia alale usingizi, yuko mikononi mwa bingwa.
Nimefungua silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini. Gasketi ya zamani imeganda. Nikaibandua kwa tindo, tindo ikateleza. Sasa uso wa bloku, mwili wenyewe wa injini, una mkwaruzo wa kunasa ukucha, kutoka kwenye silinda hadi tundu la maji. Nimemwambia Maame ni ugonjwa wa siku nyingi.

Jumanne
Bloku ya hivi hupelekwa kwa Sarfo, mwenye mashine ya kukwangua chuma. Siendi. Aliwahi kuniita daktari wa mochwari mbele ya watu wanaokula. Nimejaza mkwaruzo gundi ya chuma. Kilichobaki ni kusugua kwa msasa uliobandikwa kwenye kitu kilichonyooka kabisa. Mlango wa kabati umepinda. Kioo cha mke wangu kimepasuka, tusiendelee.

Jumatano
Kichwa changu hakilali. Maame alihifadhi kwangu kibao cha kaburi la mama yake, kisichezewe na watoto nyumbani. Marumaru. Kimenyooka kama maji kwenye bakuli. Nikabandika msasa mgongoni, nikasugua bloku hadi mchana, jina la bibi likinitazama. Bibi huyu alikaa kiti cha mbele cha lori miaka yote, akikemea madereva. Nikamwomba radhi, nikaendelea.

Alhamisi
Nimefunga injini, imewaka. Kisha oili ikageuka nyeupe. Maji yamepenya. Sarfo akapita, akakiona kibao chenye msasa, akachovya kidole kwenye oili, akauliza: kaka, siku hizi unauza uji?
Maame naye kaja na kenkey, donge la unga wa mahindi, na samaki. Habari za oili hakuuliza. Kauliza tu kama mama ataondoka Jumamosi. Nimesema ndiyo. Kenkey nikaifunga tena kwenye jani lake.

Ijumaa
Nimekwenda kwa Sarfo, bloku kwenye mkokoteni, Maame nyuma yangu. Nilitegemea matusi. Akalaza rula ya chuma juu ya uso, akanionyesha mwanga ukipenya pembeni. Jiwe limenyooka, akaninong'oneza, mikono yako ndiyo yenye mteremko. Maame akataka kujua mkwaruzo ulitoka wapi. Sarfo akanitazama, akaitazama tindo mfukoni mwangu. Akasema: mama, lori limezeeka hili.
Akakwangua tabaka jembamba kama ganda la kitunguu, mpaka mkwaruzo ukapotea. Tukafunga injini pamoja. Sikumbuki lini tulikaa karibu hivyo bila kutukanana.

Jumamosi
Lori limepanda mlima bila kukohoa. Maame kakaa mbele, ameupitisha mkono kwenye dirisha la nyuma, kiganja juu ya jeneza. Hakulia mpaka tulipofika. Baada ya maziko akanishika bega, akawaambia watu: huyu ndiye aliyemleta mama. Nilitaka kumtaja Sarfo. Jina likaishia kwenye meno.
Hapo akatokea bwana mmoja mwenye trekta. Bloku yake imeliwa na kutu, akauliza, aipeleke kwa Sarfo? Nikamwambia asihangaike, mashine ni za watu wasio na mikono.
Meza ya kanisa la hapa ni marumaru tupu. Niliipitishia kiganja wakati wa sala, imenyooka kuliko kibao. Nimemuuliza mzee wa kanisa kama huwa wanaiazimisha.