Malalamiko Kuhusu Vicheche Wawili na Makala Iliyochelewa

Ndugu Mhariri wa Sauti ya Bonde,

Natumaini u mzima na ofisi yako hainuki. Nyumba yangu inanuka, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Majira ya kuchipua, siku ya Ijumaa, gazeti lako lilitoa makala ya mambo ya kuzingatia kabla ya kufuga kicheche. Makala nzuri sana. Ina kosa moja tu: kicheche aliingia kwangu Jumatano ya wiki hiyo hiyo. Aliletwa na shemeji yangu Winifred, dada wa marehemu mke wangu, ndani ya kikapu cha nguo. "Shemeji," akasema, "nyumba yako imekuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Huyu Dorcas atakuchangamsha." Mngechapa mapema, ningekuwa na la kumjibu. Basi nakulalamikia wewe, maana Winifred halalamikiki.

1. Harufu. Mliandika "harufu kidogo". Mchungaji Barraclough alipokuja kunijulia hali, alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akauliza kwa upole, "Bwana Ogden, unajitunza kweli?" Tangu hapo akina mama wa kanisa huniletea supu. Sikuomba supu.

2. Usingizi. Mliandika kwamba kicheche "hulala sana". Hamkusema sana ni kiasi gani. Nilimtikisa Dorcas, akaning'inia mkononi kama soksi iliyolowa. Nikavaa tai, nikamwita jirani yangu Seth Murgatroyd aje na koleo. Tulichimba kando ya vitunguu. Seth alikuwa amevua kofia, anasema, "Alikuwa mnyama mwema, hakumkosea mtu," mara marehemu akapiga mwayo. Seth akanigeukia. "Cyril, umeniacha nilie juu ya mtu aliyelala?" Sasa siwezi kuingia baa bila wanaume nisiowajua kunipigia kelele, "Ogden! Leo tunamzika nani?"

3. Upweke. Hapa ndipo mliponiumiza. Mlisema kicheche asifugwe peke yake, kwani atanyong'onyea. Nikatii, nikamchukua na dume, Obadiah, kutoka kwa mfugaji wa kijiji cha pili. Lakini, Ndugu Mhariri, mimi nimeishi peke yangu tangu Hetty afariki, na sikuona makala yoyote iliyoonya kwamba nitanyong'onyea.

4. Wizi. Wamebeba glavu ya Mchungaji, miwani ya Seth, na kifuniko cha bakuli la supu ambacho mwenyewe anakililia mpaka leo. Kila kitu huenda chini ya kochi. Wenye mali huja kutafuta, hupiga magoti, hupata, kisha hawaondoki. Wanakaa. Wanataka chai. Winifred amehamishia ufumaji wake kwangu, eti mwanga wa dirisha langu ni mzuri.

5. Kucheza. Kicheche akifurahi hupinda mgongo, huruka kiubavu, hujigonga kwenye miguu ya meza, huku akitoa sauti ya kuku aliyechekeshwa. Nilikuwa nawaonyesha vicheche kwamba kiubavu si hivyo, nilipogeuka nikawaona akina mama watatu wa supu dirishani. Wakapiga makofi. Nina goti bovu, nina miaka sabini na mmoja, na nimeombwa nirudie kwenye tamasha la mavuno.

Kutokana na hayo, nadai yafuatayo. Gazeti lako liombe radhi. Kuanzia sasa makala za tahadhari zitoke kabla ya kila shemeji kufika na kikapu. Mtajuaje, hilo ni juu yenu. Halafu mchape tangazo hili, bila malipo: "Vicheche wawili, jike na dume, wanatolewa bure. Mchukuaji afanye haraka."

Wasalimie wote ofisini, mpaka anayepika chai. Aliyeandika makala ile namtakia kicheche.

Ni mimi, msomaji wako ninayenuka,
Cyril Ogden

N.B. Tangazo lile usilichape. Kabla sijabandika stempu amekuja bwana mmoja na sanduku la kubebea vicheche wa kuwindia sungura. Amesikia baa kwamba nagawa vicheche. "Namchukua jike tu," akasema. "Dume sina kazi naye." Nikamwambia amekosea nyumba, hapa hatufugi wanyama. Akamkazia macho Dorcas, aliyekuwa amelala amejizungusha shingoni mwangu. "Na hicho ni nini?"

Nikamwambia ni skafu.