Muziki wa Chumbani kwa Magunia Thelathini na Mawili

Mbwana Fidla aliteremka kwenye gari la moshi pale Dodoma akiwa na kanzu moja safi, fidla moja asiyoweza kuipiga, na sababu tatu nzito za kutorudi Morogoro. Fidla aliipata kwenye kamari, mpishi wa Mdachi mmoja alipoishiwa kitu kingine cha kuweka. Jina la Fidla alijipa mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ifike. Mvua ilikuwa imekosekana Ugogo, mtama umekauka ukiwa na kimo cha goti, na watu walikuwa wakichimba mizizi porini. Mbwana, kabla hajamaliza kujipangusa vumbi la safari, aliona mambo mawili ambayo mtu mwema angeyaona kwa huzuni na yeye akayaona kwa hamu. Ghala la misheni, lililolisha wenye njaa, lilikuwa tupu. Maghala ya wafanyabiashara wawili yalikuwa yamejaa hadi darini, yakingoja bei ipande.

Wa kwanza alikuwa Hassani, mtu wa Kondoa, mcha Mungu siku zote isipokuwa siku za soko. Wa pili alikuwa Bartolomayo, msimamizi wa zamani wa vibarua wa reli, aliyenenepa katika kazi ile kuliko vibarua wote kwa pamoja. Wote wawili walikuwa wakiviziana, kwa sababu mjini zilivuma habari kwamba bomani anatafutwa mtu mmoja wa kuwauzia vyakula vibarua wanaoipeleka reli Tabora.

Mbwana alianza kwa mke wa Bwana Shauri, mkuu wa boma. Mama yule wa Kidachi alikuwa na miezi mitatu nchini, na muda wote huo hakuwa ameona chochote kilicho mbali kuliko baraza yake.

"Bibi," Mbwana alimwambia, kofia mkononi, "wafanyabiashara wa mji huu wanalia. Wanataka kuwasaidia wenye njaa, tena kwa muziki. Ule wa kwenu, wa watu wanne, unaopigwa chumbani."

Machozi yalimlenga bibi yule. Siku hiyo hiyo alitoa chumba kikubwa cha nyumba ya wageni ya reli, na meza, na maua ya karatasi.

Kisha Mbwana akaenda kwa Hassani.

"Muziki wa chumbani?" Hassani alishtuka. "Astaghfirullah! Chumbani kwa nani?"

"Ni jina tu, mzee wangu. Kiingilio ni mtama wa wenye njaa. Mwenye kutoa magunia kumi anakaa kiti cha mbele, bega kwa bega na Bwana Shauri. Mimi simo katika mambo ya serikali, lakini mtu akimlisha maskini bure, atashindwaje kuwalisha vibarua kwa malipo?"

Hassani alikohoa, akatoa kumi. Saa moja baadaye Bartolomayo alisikia habari za kumi, akatoa kumi na mawili. Hassani akasikia habari za kumi na mawili. Mbwana alitembea kati ya maduka yale mawili mpaka kandambili zikalia, na jioni kila mmoja akawa amefikia kumi na sita na kuanza kutazama sakafu ya ghala lake. Hapo Mbwana, mtu wa huruma, akaamua kwamba watakaa wote wawili kwenye benchi moja.

Zilibaki kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupata wapigaji. Ya pili ilikuwa kupata njia ya kuyatoa magunia mjini bila mtu kushangaa. Kwa zote mbili alimwendea Lydia.

Lydia alikuwa mjane wa makamo, mwenye funguo za ghala la misheni. Alimkuta anafagia sakafu isiyo na hata punje.

"Mbukwa, mwanangu," Lydia alimsalimu Kigogo. "Kumbe wewe ndiwe mpiga fidla."

"Marahaba… yaani, shikamoo, mama. Fidla hii ikilia, Mdachi husahau bia yake."

"Hebu ilize."

"Leo ina mafua."

Lydia aliitazama ile fidla, akamtazama na mwenyewe, asicheke. Alisema ndugu yake Yotham na wenzake watatu wanapiga zeze, na kwamba wakivikwa kanzu nyeupe watafanana na watu wa popote. Mbwana alifurahi. Akaeleza, kwa sauti ya mtu mwenye uchungu na mali ya umma, kwamba ghala hili lina panya, na paa lake si la kuaminika, hivyo ingefaa magunia yalale kwanza ndani ya behewa pale stesheni.

"Behewa lina kufuli?" Lydia aliuliza.

"Lina. Ufunguo ninao mimi."

"Umefikiri vizuri. Basi usijichoshe. Kina mama wa kanisa wana punda. Watayapeleka wao."

Mbwana nusura ambusu mkono. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusaidiwa kuiba na kanisa zima.

Siku ya muziki ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Gari la kwenda pwani lilikuwa liondoke saa tisa. Chumba kilijaa. Hassani na Bartolomayo walibanana kwenye benchi la mbele, kila mmoja akimtabasamia Bwana Shauri, ambaye alikuwa ameshasinzia. Mbwana alisimama, akatoa hotuba kuhusu njaa iliyomliza hata yeye mwenyewe, kisha akaketi karibu na mlango.

Yotham na wenzake wakaanza. Mazeze yalianza chini, kama watu wanaoitana kutoka kilima hadi kilima, na sauti zao zikaja juu yake, nne, kila moja na njia yake na zote nyumba moja. Vicheko vikakoma. Hata Mbwana alijikuta amekaa zaidi ya alivyopanga.

"Huyu ni mtunzi wa wapi?" mke wa Bwana Shauri alimnong'oneza, leso usoni.

"Wa Ugogo, bibi."

"Ni karibu na Berlini?"

"Ni mwendo kidogo."

Filimbi ya gari la moshi ikalia. Mbwana akatoka kinyumenyume huku akiinama kwa heshima, akakimbia, akalikuta behewa lake limefungwa, na magunia yake thelathini na mawili yamepangwa ndani vizuri kuliko angeyapanga mwenyewe. Akampungia mkono mji wa Dodoma. Alilala njia nzima, akiota mtama unageuka rupia.

Mnunuzi aliyepatana naye mapema alimngoja Kilosa na wapagazi wake. Akachoma gunia la kwanza kwa kisu. Ulimwagika udongo mwekundu. Akachoma la pili. Udongo. Mbwana akacheka, akasema hilo ni kosa la wapakiaji. Akachomewa la tatu, la kumi, la thelathini na mawili. Mnunuzi yule hakuwa mtu wa maneno. Alimpiga makofi mawili, akachukua fidla, kanzu na kandambili kufidia usumbufu, akamwachia shuka.

Mbwana alirudi Dodoma kwa miguu, akifuata reli, siku saba. Alikula ubuyu na alichoomba. Njiani alitunga hotuba ya kumkabili Lydia, na kila siku hotuba ilizidi kuwa fupi.

Mjini alikuta mambo yametulia. Kazi ya kuwalisha vibarua alikuwa amepewa mtu wa Morogoro ambaye hakutoa hata kibaba. Hassani na Bartolomayo hawakuweza kulalamika, kwa kuwa bibi alikuwa amewaandikia kila mmoja barua ya shukrani na Bwana Shauri akaitia mhuri. Mbele ya ghala la misheni watu walikuwa wamepanga mstari mrefu, wazee, kina mama, watoto wenye matumbo makubwa, na Lydia alikuwa akipima mtama.

Mbwana alimwendea moja kwa moja, shuka kiunoni, midomo imepasuka.

"Mama, umeniibia."

Mstari mzima ukageuka kumtazama. Lydia akaweka kibaba chini.

"Nimekuibia nini, mwanangu?"

"Mtama! Magunia thelathini na mawili!"

"Mtama wa nani?"

Mbwana alitazama ardhi. Akatazama mtoto aliyekuwa amemkazia macho, bakuli mikononi.

"Wa wenye njaa," alisema mwishowe, polepole.

"Na wewe una njaa?"

Alitaka kukataa, lakini tumbo lilijibu kwanza, tena kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia.

"Basi panga mstari," Lydia alisema, akiinua kibaba chake. "Mwisho ni kule."

Mbwana akaenda kusimama kule.